Utafiti wa Uuguzi wa Dharura na Huduma Kabla ya Hospitali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wauguzi wa idara za dharura, wahudumu wa ambulensi, wanafunzi wanaotafuta mada, na mara nyingine ndugu wa wagonjwa. Majibu hayalingani urefu: penye ubishi nimekaa zaidi.

Utafiti huu unachunguza nini hasa?

Kila kinachompata mgonjwa tangu simu ya kuomba msaada inapopigwa hadi anapotoka idara ya dharura, iwe ni kwenda wodini, nyumbani au mochwari. Je, aliyepokea simu alitambua kwamba moyo umesimama? Mgonjwa alipewa nini njiani? Muuguzi wa mapokezi alimweka kundi gani, na je, muuguzi mwingine angemweka hapo hapo? Dawa ya maumivu ilimfikia baada ya dakika ngapi? Nani alitukanwa au kupigwa zamu hiyo, na kwa nini hakuripoti?

Wengi wakisikia neno utafiti hufikiria dawa mpya na mashine. Kwangu mimi, maswali yenye faida ya haraka zaidi ni yale ya mpangilio wa kazi: nani afanye nini kwanza, na nani aruhusiwe kukifanya bila kumsubiri mwingine. Mfano mzuri ni kanuni za Ottawa za kifundo cha mguu, zilizotoka Kanada mwaka 1992. Muuguzi anabonyeza sehemu chache za mfupa, anamwomba mgonjwa apige hatua 4, kisha anaamua kama picha ya eksirei inahitajika. Kilichobadilika ni uamuzi tu. Hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa.

Kama kila mtu anaona jambo fulani linafaa, kwa nini lipotezewe muda kuchunguzwa?

Kwa sababu idara ya dharura ni mahali pabaya pa kujifunzia kwa macho. Unakaa na mgonjwa nusu saa, unamkabidhi, humwoni tena. Aliyeamka mikononi mwako utamkumbuka miaka yote. Aliyefariki wodini siku ya nne huenda usisikie habari zake. Ndiyo maana mazoea hujengeka haraka na kubomoka kwa shida.

Chukua adrenalini kwa mtu ambaye moyo wake umesimama nje ya hospitali. Ilitumika kwa miongo mingi kabla ya kupimwa sawasawa. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya jaribio la PARAMEDIC2 la Uingereza, lililohusisha wagonjwa 8,014: wengine walipewa adrenalini, wengine maji ya chumvi, na mhudumu hakujua sindano ina nini. Baada ya siku 30 walionusurika walikuwa asilimia 3.2 upande wa adrenalini na 2.4 upande wa maji ya chumvi. Kwa hiyo dawa inaokoa? Ndiyo, kidogo. Lakini miongoni mwa walioruhusiwa kutoka hospitali wakiwa hai, wenye ulemavu mkubwa wa ubongo walikuwa asilimia 31.0 kwa waliopata adrenalini, dhidi ya 17.8 kwa wengine. Watafiti walikadiria kwamba ili kuokoa maisha ya mtu mmoja inabidi kuwapa adrenalini watu 112, wakati kwa kushtua moyo mapema kwa mashine ya umeme wanatosha watu 5. Mtu akisoma namba hizo anajua bajeti ya mafunzo ielekee wapi.

Oksijeni nayo ina hadithi yake. Kwa muda mrefu kila mwenye mshtuko wa moyo alivalishwa barakoa bila swali. Mwaka 2015 jaribio la AVOID, jimbo la Victoria nchini Australia, lilionyesha dalili kwamba kumpa oksijeni mtu ambaye haijampungukia kunaongeza sehemu ya moyo inayoharibika. Miaka miwili baadaye jaribio kubwa zaidi la Uswidi, DETO2X, lenye wagonjwa 6,629, halikuona tofauti ya vifo: asilimia 5.0 kwa 5.1. Barakoa ile ilikuwa haimsaidii mtu mwenye oksijeni ya kutosha.

Mgonjwa amezimia. Ridhaa anaitoaje?

Hatoi. Hili ndilo swali gumu kuliko yote katika fani hii, na anayekujibu kwa sentensi moja hajalifikiria.

Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili ya utafiti wa Chama cha Madaktari Duniani, la mwaka 1964 na masahihisho yake, linaruhusu kumwingiza katika utafiti mtu asiyeweza kuridhia, kwa masharti: hali inayomzuia kuridhia iwe ndiyo hiyo inayochunguzwa, kamati ya maadili iwe imeidhinisha, na ridhaa iombwe kwake au kwa mwakilishi wake mapema iwezekanavyo. Marekani iliweka kanuni yake mwaka 1996: kabla ya kuanza, watafiti lazima washauriane na jamii ambako utafiti utafanyika na kuutangaza hadharani.

Kwenye maandishi hayo yote yanasikika vizuri. Kazini, mambo huwa na kona. PARAMEDIC2 ilitoa bangili maalumu kwa yeyote aliyetaka kukataa mapema, lakini ni wangapi hufikiria leo kwamba moyo wao utasimama kesho? Kuna pia suala la ndugu wa waliofariki. Je, utume barua kwa mjane kumwambia kwamba mumewe alikuwa katika utafiti? Ukimwambia unamtonesha kidonda, usipomwambia umemficha. Watafiti wale walichagua kutowafuata ndugu mmoja mmoja, wakaweka taarifa mahali pa wazi kwa anayetaka kujua. Walilaumiwa na baadhi ya watu, na lawama hizo zina uzito. Mimi naona uamuzi wao unaweza kutetewa, ila sikubaliani na anayeuona kuwa jambo jepesi.

Muuguzi ana nafasi ya pekee hapa. Mara nyingi ndiye anayekaa na ndugu wakati daktari yuko kwa mgonjwa mwingine, na ndiye huulizwa, “Mlimpa nini?” Ajibu ukweli, kwa lugha ya kawaida, na ajue nani wa kumwita kwa maelezo zaidi. Ndugu akisema hataki mgonjwa wake aendelee, asibembelezwe. Matibabu ya kawaida yanaendelea kama yalivyo.

Wagonjwa wanagawanywaje kwa bahati nasibu wakati kila sekunde ina thamani?

Ugawaji unafanyika kabla mgonjwa hajapatikana. Vifurushi vya dawa vinafungwa na kupewa namba mapema, vinapakiwa garini, na mhudumu anafungua kinachofuata. Wakati mwingine anayegawanywa ni mhudumu mwenyewe. AIRWAYS-2, pia ya Uingereza na ya mwaka 2018, iliwagawa wahudumu 1,523: kundi moja lilitumia mrija wa kuingia ndani ya koromeo, jingine kifaa kinachokaa juu ya njia ya hewa. Wagonjwa 9,296 wakafuata mhudumu aliyewafikia.

Zamani walitumia hata tarehe. Mjini Houston, kuanzia mwaka 1989, majeruhi wa risasi na visu kifuani au tumboni walipewa maji ya mshipani mara moja siku za tarehe shufwa, na siku za tarehe witiri walisubirishwa hadi chumba cha upasuaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: kati ya watu 598, waliosubirishwa walinusurika asilimia 70, waliowekewa dripu mapema asilimia 62. Inadhaniwa kwamba dripu iliyoonekana huruma ilikuwa inapandisha presha na kusukuma damu itoke zaidi. Leo mbinu ya tarehe isingepita kirahisi, kwani kila mtu anajua leo ni tarehe ngapi na anaweza kuamua, hata bila kujitambua, nani aingizwe utafitini. Matokeo yake, hata hivyo, yalibadilisha namna majeruhi wa aina hiyo wanavyohudumiwa.

Kuna utafiti gani mmoja ambao kila muuguzi wa dharura angepaswa kuujua?

Ningechagua RAMPART, uliotoka Marekani mwaka 2012, kuhusu degedege isiyokoma. Swali lilikuwa dogo: midazolamu ya kuchoma kwenye msuli, au lorazepamu ya mshipani? Kila mgonjwa alipata sindano mbili, moja ya msuli na moja ya mshipa, na moja tu kati ya hizo ilikuwa na dawa.

Dawa ya mshipani ikishaingia hufanya kazi haraka zaidi. Hilo halikubishaniwa, na vipimo vya muda vilithibitisha. Lakini jaribu kuona tukio lenyewe: mtu anarushwarushwa sakafuni, mkono haukai, mshipa unaonekana na kupotea, mwenzako anashika kiwiko, tepu inanata kwenye glavu. Kwa msuli, dawa iliingia katika muda wa kati wa dakika 1.2. Kwa mshipa, dakika 4.8. Walipofika hospitali degedege ilikuwa imekoma, bila kuhitaji dawa nyingine, kwa asilimia 73.4 ya waliochomwa msuli na 63.4 ya wale wa mshipa. Maabara isingeweza kulijibu swali hilo. Lilihitaji mtu anayejua ugumu wa kutafuta mshipa kwenye mkono unaotikisika.

Ni kweli kuna “saa ya dhahabu”?

Wazo hilo lilienezwa na daktari wa upasuaji R Adams Cowley wa Baltimore: majeruhi mkubwa akifikishwa kwenye tiba ndani ya saa moja, ana nafasi nzuri ya kupona. Kama msukumo wa kujenga mifumo ya ambulensi, lilifanya kazi kubwa. Kama kipimo cha kisayansi, lina matatizo. Utafiti wa Amerika Kaskazini wa mwaka 2010, wenye majeruhi 3,656, haukuona uhusiano kati ya muda uliotumika kabla ya hospitali na vifo.

Usikimbilie kusema muda hauna maana. Wahudumu humkimbiza zaidi aliye karibu kufa, na hivyo huenda waliofika upesi walikuwa tayari wagonjwa zaidi. Na ndani ya kundi hilo hilo mna anayevuja damu tumboni, ambaye dakika 10 zinaweza kumtoa uhai, na mwenye paja lililovunjika, anayeweza kusubiri. Ukiwachanganya, ishara inapotea. Kwa damu inayovuja ushahidi uko wazi. CRASH-2, iliyofanyika katika nchi 40 na kuhusisha wagonjwa 20,211, ilionyesha kwamba asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja kwa damu, inapunguza vifo. Uchambuzi wake wa mwaka 2011 ukaongeza kwamba ikitolewa zaidi ya saa 3 tangu kuumia, vifo vya kuvuja damu vinaongezeka badala ya kupungua. Kwa dawa hiyo, saa iliyoandikwa kwenye fomu ni sehemu ya dozi.

Je, saa zinazoandikwa kwenye fomu zinaaminika?

Kwa kiasi. Chukua rundo la fomu za zamu moja, utaona dakika nyingi zinaishia na sifuri au tano. Presha nazo vivyo hivyo, 120 kwa 80, 130 kwa 90. Hakuna aliyedanganya, muuguzi alikuwa anafanya kazi, akaandika baadaye kwa kukadiria. Kisha saa ya ukutani, ya simu yake na ya mashine ya moyo hazilingani. Ukitaka kupima kama dakika 3 zina tofauti, na saa zako zinapishana dakika 4, tayari umekwama. Kulinganisha saa zote za idara kila Jumatatu ni maandalizi ya utafiti yenye manufaa kuliko programu nyingi za takwimu.

Tatizo jingine ni maana. “Muda wa kufika” ni gari liliposimama, au mhudumu alipomgusa mgonjwa aliyeko ghorofa ya sita? Mwaka 1990 wataalamu walikutana kwenye abasia (nyumba ya watawa) ya Utstein nchini Norwei kwa sababu hiyo hasa: kila nchi ilikuwa inaripoti kusimama kwa moyo kwa namna yake, na takwimu hazikulinganishika. Muundo wa Utstein ndio unaotumika tangu hapo.

Triaji, yaani kupanga wagonjwa kwa uharaka wao, inapimwaje?

Mambo mawili. Kwanza, je, wauguzi wawili wakimwona mgonjwa yule yule wanampa rangi ile ile, yaani ngazi ile ile ya uharaka? Pili, je, rangi hiyo inabashiri kitakachompata? Mfumo wa Manchester na ule wa ESI wa Marekani yote ina ngazi 5 na imechunguzwa sana.

Hatari inayoangaliwa zaidi ni kumshusha mgonjwa chini ya uzito wake. Mzee mwenye maambukizi makali anaweza kukaa kimya asiwe na homa, akaachwa kwenye benchi huku kijana anayepiga kelele kwa kidole kilichokatika akitangulizwa. Kumpandisha mtu kupita kiasi nako kuna gharama, ila gharama hiyo hulipwa na mwingine aliyesukumwa nyuma, kwa hiyo haionekani kirahisi.

Na vifaa je? Namba ya mashine si ndiyo ukweli?

Kipima oksijeni cha kidoleni kinafaa kuwa somo. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha usomaji wake na damu ya ateri. Miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa kilisema wana asilimia 92 hadi 96, waliokuwa kwa kweli chini ya 88 walikuwa asilimia 11.7 kwa Weusi na 3.6 kwa Weupe. Yaani kifaa kiliwakosea wenye ngozi nyeusi kama mara tatu zaidi. Ongeza kidole baridi, rangi ya kucha na presha iliyoshuka. Mgonjwa anayehema kwa shida huku skrini ikionyesha 95 bado ni mgonjwa anayehema kwa shida.

Matokeo ya nchi nyingine yananihusu?

Angalia walichokuwa nacho. Jaribio la OPALS la Ontario, Kanada, lilichapishwa mwaka 2004 na kuonyesha kwamba kuongeza wahudumu wenye utaalamu wa juu hakukuongeza idadi ya wanaonusurika moyo ukisimama: asilimia 5.0 ikawa 5.1. Lakini miji hiyo tayari ilikuwa na mashine za kushtua moyo zinazofika haraka. Mahali ambapo mashine hizo hazipo, swali lenyewe ni jingine.

Angalia pia wameita nini mafanikio. PATCH-Trauma ya mwaka 2023 ilitoa asidi ya traneksamiki kabla ya hospitali, Australia, Nyuzilandi na Ujerumani. Siku ya 28 waliofariki walikuwa wachache zaidi, asilimia 17.3 dhidi ya 21.8. Baada ya miezi 6, wanaoishi katika hali nzuri walikuwa karibu sawa, 53.7 kwa 53.5. Anayesoma mstari mmoja tu ataondoka na jibu lolote alilolitaka.

Mahojiano na wauguzi ni utafiti kweli, au maoni tu?

Ni utafiti, ukifanywa kwa utaratibu. Takwimu zitakuambia matukio ya vurugu dhidi ya wauguzi yanaripotiwa machache. Mahojiano ndiyo yatakayokuambia fomu ina kurasa nyingi, hakuna anayeirudishia majibu, na mkubwa wa zamu huuliza, “Ulimfanya nini mpaka akakupiga?”

Kukabidhiana mgonjwa kuna nini cha kuchunguza?

Kingi mno. Mhudumu anaongea huku mgonjwa anahamishwa kitandani, muuguzi mmoja anatafuta mshipa, mwingine anabandika waya za mashine ya moyo. Kinachopotea mara nyingi ni kile kilichosemwa wakati huo: dozi iliyotolewa, presha ya kwanza, dawa anazotumia nyumbani. Mpangilio kama ATMIST, unaotaja umri, muda, chanzo cha jeraha, majeraha, dalili na tiba, unasaidia maneno yatoke kwa mfuatano. Haumsaidii asiyesikiliza. Idara nyingine huweka kanuni kwamba, isipokuwa moyo umesimama au damu inamwagika, mikono yote itulie hadi mhudumu amalize. Kanuni kama hiyo inaweza kupimwa kwa saa ya mkononi na karatasi.

Mimi ni muuguzi wa zamu, sina fedha wala msimamizi. Naanzia wapi?

Anzia kwenye kitu kinachokuudhi kila wiki na kinachohesabika. Ningependekeza sampuli za damu zinazorudishwa na maabara kwa sababu seli zimepasuka. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba damu inayovutwa kupitia kanula, ule mrija mdogo wa dripu unaobaki mshipani, hupasuka zaidi kuliko inayochomwa moja kwa moja kwenye mshipa, na kila sampuli inayorudi ni mgonjwa anayechomwa mara ya pili na kitanda kinachokaliwa muda mrefu zaidi.

Omba maabara orodha ya sampuli zilizokataliwa miezi michache iliyopita, bila majina. Kabla ya kubadilisha chochote, peleka wazo lako kwa kamati ya maadili au ya ubora. Wao ndio watakaosema kama ni utafiti au ni ukaguzi wa huduma, na usiamue mwenyewe. Andika mapema utakachohesabu na utakapoacha kuhesabu, maana ukiacha siku namba zinapopendeza, umejidanganya. Mshirikishe mtu wa maabara tangu mwanzo, kwani yeye anajua kama mirija ya aina fulani au anayebeba sampuli ndiye chanzo. Rekodi nani alivuta, kwa njia gani, mkono upi na sindano ya ukubwa gani. Jina la aliyevuta libaki kuwa namba tu. Wenzako wakihisi wanapelelezwa, fomu zitaanza kuja zikiwa tupu.